Ufa wa Miaka Tisa

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa Kilimatinde, palipokuwa na boma la Wajerumani, methali hiyo twaijua. Lakini ndugu msomaji, ufa ninaousimulia umo ndani ya simu. Android imejengwa juu ya Linux. Mwaka 2005 Linus Torvalds alijaribu kuziba kasoro kwenye kiini cha Linux. Kiraka kikabanduliwa kwa kuwa kilisumbua mashine za aina nyingine. Tangu 2007 mtu wa kawaida akaweza kuandika juu ya faili aliloruhusiwa kulisoma tu. Kasoro hiyo, Dirty COW, ilizibwa Oktoba 2016. Simu yangu ya mtumba, yenye sura saba za riwaya yangu, haijapata kiraka hadi leo. Basi kila jioni nazinakili daftarini, mstari kwa mstari.