Gudulia la Sake na Wafinyanzi Mateka

Wajapani wana pombe yao ya mchele iitwayo sake, na tangu kale wameitia katika gudulia dogo la udongo, jina lake tokuri. Tumbo lake ni pana na shingo yake nyembamba. Shingo hiyo si urembo tu. Wengi hupenda sake iliyopashwa moto. Basi gudulia husimamishwa katika maji ya moto, na shingo nyembamba huzuia joto lisitoke upesi. Kipimo chake cha desturi ni go moja, yaani mililita 180 hivi, au go mbili. Hapa hatusifu kinywaji, twatazama chombo.

Magudulia ya Bizen hayakupakwa utando wa kung'aa. Yalichomwa kwa kuni za msonobari, pengine kwa muda wa wiki mbili, na majivu yaliyopeperuka tanuuni ndiyo yaliyoyapamba. Lakini kauri nyeupe Wajapani hawakujua kuifanya, waliinunua ng'ambo.

Mwaka 1592 Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, alipeleka jeshi Korea, akarudia tena mwaka 1597. Alikufa mwaka 1598, na vita vikaisha bila ya nchi ile kutekwa. Hata hivyo mabwana wa Kyushu hawakurudi mikono mitupu: walirudi na watu, na miongoni mwao wafinyanzi hodari. Mmoja wao, Yi Sam-pyeong, aliwekwa katika milki ya ukoo wa Nabeshima. Masimulizi ya Arita yasema kwamba yapata mwaka 1616 aligundua jiwe la kufanyia kauri katika mlima wa Izumiyama. Arita ikatajirika. Kauri yake iliteremshwa bandari ya Imari, na katikati ya karne ya 17 Waholanzi wakaanza kuipeleka Ulaya. Mwaka 1917 Yi alisimamishiwa mnara juu ya kilima cha Arita. Lakini yeye alikwisha kufa huko huko ugenini mwaka 1655.

Katika Satsuma mambo yalikuwa mazito zaidi. Wakorea wa kijiji cha Naeshirogawa waliamriwa washike majina na mavazi ya kwao, kizazi baada ya kizazi, wasichanganyike na wenyeji. Vyombo vyeupe walimfanyia bwana. Vyeusi vilikuwa vya watu wote. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni, na hawa walilia gaeni katika nchi ya watu.

Kulikuwa na tokuri nyingine, kubwa na nzito, ambayo mwenye duka la sake alimwazima mteja. Jina la duka liliandikwa tumboni kwa herufi kubwa, ili chombo kisipotee. Iliitwa gudulia la maskini, kwani asiyeweza kununua pipa alikwenda nalo kujaziwa kidogo kidogo. Katika karne ya 20 chupa za kioo ziliyaondoa magudulia hayo kazini. Siku hizi yamo katika maduka ya vitu vya kale, na wanunuzi wengine huyatia maua.