Diski, Leseni na Mmiliki: Sera ya Xbox One ya Mwaka 2013 na Hatima ya Gemu za Mtumba

Mvutano uliozuka mwaka 2013 kuhusu mashine ya gemu ya Xbox One umezoeleka kusimuliwa kama kisa cha kampuni kubwa iliyoshindwa kuwasoma wateja wake, ikazomewa, kisha ikarudi nyuma ndani ya wiki mbili. Masimulizi hayo yana ukweli wake, ila yanaufunika mgogoro wenyewe, ambao kiini chake kilikuwa swali la kisheria kuhusu nani anamiliki kitu baada ya bei yake kulipwa. Makala haya yanatetea hoja kwamba wachezaji walishinda sokoni bila kushinda katika sheria, na kwamba kwa sababu hiyo walichokikataa mwaka ule kilirejea baadaye kikiwa na masharti magumu kuliko yale ya awali.

Konsoli, kama mashine hizi zinavyoitwa, ni kompyuta iliyoundwa mahususi kwa ajili ya kuchezea gemu kwenye televisheni, na kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya hapo gemu zake ziliuzwa katika kaseti za plastiki au diski ambazo mnunuzi aliweza kumwazima jirani, kuziuza au kuzibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Microsoft ilipoitambulisha Xbox One huko Redmond, katika jimbo la Washington, tarehe 21 Mei 2013, wasemaji wake walitoa kauli zilizopingana kuhusu gemu zilizokwisha kutumika, na ufafanuzi rasmi ukatolewa tarehe 6 Juni. Kwa mujibu wa ufafanuzi huo, konsoli ingepaswa kuwasiliana na seva za kampuni, yaani kompyuta kuu zinazotunza kumbukumbu za akaunti za wateja, angalau mara moja katika kila saa 24, na mtu ambaye angeingia kwenye akaunti yake akiwa kwenye konsoli ya mwingine angekuwa na saa moja tu ya kucheza bila mawasiliano hayo. Muda ukipita, gemu zisingechezeka, hata kama diski imo ndani ya mashine. Kuuza gemu kwa maduka yaliyoidhinishwa kungewezekana endapo mchapishaji wake angeridhia. Kumpa rafiki kungewezekana mara moja tu kwa kila gemu, tena kwa sharti kwamba rafiki huyo awe amekaa kwenye orodha ya marafiki wa mtoaji kwa siku 30 au zaidi. Na kuazimana na kukodisha visingekuwepo wakati wa uzinduzi.

Masharti haya yalionekana kwa wengi kuwa ukorofi mtupu, lakini yalikuwa na mantiki yake ya ndani, na mhakiki asiyeieleza hawezi kuikosoa vizuri. Gemu za Xbox One zilinakiliwa zote kutoka kwenye diski hadi kwenye hifadhi ya mashine, na kampuni ilitaka baada ya kunakili huko mchezaji asihitaji tena kuweka diski. Sasa, mtu akishanakili gemu kisha akaiuza diski, watu wawili watacheza kwa bei ya mmoja. Njia pekee ya kuzuia hilo pasipo diski kutumika kama ufunguo ni kuifungamanisha leseni, yaani ruhusa ya kutumia, na akaunti ya mnunuzi, halafu kuilazimisha mashine iulize mara kwa mara kama leseni hiyo bado ni ya akaunti ile. Kwa hiyo ukaguzi wa kila saa 24 ulikuwa matokeo ya uamuzi wa kuigeuza diski kuwa chombo cha kusafirishia programu tu, huku mali halisi ikibaki kwenye kumbukumbu za seva. Kwa upande mwingine, mfumo huohuo ungemwezesha mchezaji kuzifikia gemu zake zote kutoka konsoli yoyote, na watu hadi 10 wa familia moja kutumia maktaba moja ya gemu. Wapinzani wa sera hawakulipa jambo hili uzito lilioustahili.

Jambo lililoitia doa sera yote ni mahali ilipoweka mamlaka. Haki ya kuuza au kumpa mwingine kitu kilichonunuliwa haikufutwa kwa maneno ya wazi. Ilikabidhiwa kwa mchapishaji, ambaye angeamua gemu ipi iuzike tena na ipi isiuzike, pamoja na masharti ya biashara kati yake na duka. Haki ambayo mtu huitumia kwa hiari ya mwingine imekwisha kuwa hisani, na hisani haidaiwi mahakamani.

Sheria ya Marekani ilikwisha kulikabili suala la namna hii zaidi ya karne moja nyuma. Katika kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1908, mchapishaji wa riwaya ya The Castaway alikuwa amechapa ndani ya kitabu onyo kwamba hakuna mfanyabiashara aliyeruhusiwa kukiuza kwa chini ya dola 1, na wamiliki wa duka la Macy's wakakiuza kwa senti 89. Mahakama iliamua kwamba hakimiliki, yaani haki ya mtunzi na mchapishaji juu ya kazi yao, haikumpa mchapishaji uwezo wa kuitawala nakala ambayo amekwisha kuiuza. Uamuzi huo ndio chimbuko la kanuni ya mauzo ya kwanza, ambayo kwa mujibu wake uwezo wa mwenye hakimiliki kudhibiti usambazaji wa nakala fulani hukoma pale nakala hiyo inapouzwa kihalali, na leo kanuni hiyo imo katika kifungu cha 109 cha sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976. Bunge la Marekani lilipopiga marufuku ukodishaji wa programu za kompyuta mwaka 1990, kwa hofu ya watu kukodi na kunakili, liliziacha nje kwa makusudi programu za mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya gemu. Wabunge wa wakati ule walijua maduka ya kukodisha gemu yapo, wakayaacha yaendelee.

Japani, nchi iliyozaa sehemu kubwa ya tasnia hii, ilifika mahali hapohapo kwa njia ndefu zaidi. Watengenezaji wa gemu waliyashtaki maduka ya gemu za mtumba wakidai kwamba gemu ni aina ya filamu, na kwamba sheria ya nchi hiyo humpa mwenye filamu mamlaka juu ya usambazaji wa nakala zake. Tarehe 25 Aprili 2002 Mahakama ya Juu ya Japani ilikubali kwamba gemu ni aina ya filamu, lakini ikaamua kwamba mamlaka hayo hukoma gemu inapouzwa kwa umma mara ya kwanza. Hoja ya watengenezaji ilikubaliwa na kesi wakaipoteza, jambo ambalo si la kawaida sana mahakamani.

Udhaifu wa kanuni hii ni kwamba humlinda mmiliki wa nakala, na mwenye leseni si mmiliki. Mwaka 2010, katika kesi ya Vernor dhidi ya Autodesk, mahakama ya rufani ya mzunguko wa tisa nchini Marekani iliamua kwamba mtu aliyepata diski za programu ya uchoraji wa kihandisi na kuziuza kwenye mnada wa mtandaoni hakuwa na kinga ya mauzo ya kwanza, kwa kuwa mteja wa awali alipewa leseni yenye vikwazo na hakuuziwa chochote. Ulaya ilichukua mwelekeo tofauti. Tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba leseni ya programu isiyo na ukomo wa muda, iliyotolewa kwa malipo ya mara moja, ni mauzo hata kama programu ilipakuliwa kutoka mtandaoni, ili mradi muuzaji wa pili aifanye nakala yake mwenyewe isitumike tena. Hata hivyo, shirika la watumiaji la Ufaransa, UFC-Que Choisir, lilipojaribu kuipeleka hoja hiyo kwenye gemu zinazouzwa na kampuni ya Valve, lilishinda mjini Paris mwaka 2019 na kushindwa katika rufaa mwaka 2022.

Sharti lile la mahakama ya Ulaya, kwamba muuzaji asibaki na nakala, ndilo hasa ambalo ukaguzi wa Microsoft ungeweza kulitimiza. Seva inayojua leseni ipo kwa nani inaweza kuihamisha kutoka akaunti moja hadi nyingine na kuhakikisha kwamba aliyeuza hachezi tena. Teknolojia iliyochukiwa kwa sababu ilimfunga mnunuzi ilikuwa pia teknolojia ya kumpa mnunuzi wa gemu ya kidijitali kile ambacho hajawahi kuwa nacho, yaani uwezo wa kuiuza tena.

Wachapishaji nao walikuwa na malalamiko yao, na hayakuwa ya kubuni. Duka likinunua gemu kutoka kwa mchezaji na kuiuza tena, waliotengeneza gemu hiyo hawapati hata senti, ilhali kampuni ya GameStop, yenye mtandao mkubwa wa maduka ya gemu nchini Marekani, ilikuwa ikipata zaidi ya asilimia 40 ya faida yake ghafi kutokana na bidhaa za mtumba. Kampuni ya Electronic Arts ilijaribu tangu 2010 kuweka ndani ya gemu mpya namba ya siri ya kutumika mara moja, ili mnunuzi wa pili alipe takriban dola 10 zaidi kabla ya kucheza mtandaoni, na ikaachana na mpango huo Mei 2013. Lakini hesabu ya hasara hii huachia kando upande mmoja wa daftari. Mtu anayejua kwamba gemu ya dola 60 itamrudishia sehemu ya fedha zake akishaimaliza yuko tayari zaidi kuinunua ikiwa mpya, na fedha anazopata dukani kwa gemu ya zamani mara nyingi humalizikia kwenye gemu mpya palepale. Wachapishaji wa vitabu na watengenezaji wa magari wameishi na soko la mtumba kwa vizazi vingi, na hakuna sababu ya wazi ya kuipa tasnia ya gemu kinga ambayo wengine hawanayo.

Utegemezi wa intaneti ulikuwa na historia ya karibu iliyowatia watu hofu. Seva za mtandao wa PlayStation, konsoli ya kampuni ya Sony, zilifungwa kwa zaidi ya wiki tatu mwaka 2011 baada ya kudukuliwa. Gemu ya Diablo III, iliyotoka Mei 2012 ikihitaji mtandao hata kwa mtu anayecheza peke yake, iliwafungia nje wachezaji wengi siku ya kwanza, na SimCity ya Machi 2013 ilirudia aibu hiyohiyo kwa siku kadhaa. Don Mattrick, aliyeongoza kitengo cha Xbox, alipoulizwa kuhusu watu wasio na intaneti ya uhakika alijibu kwamba kampuni inayo bidhaa yao, nayo ni Xbox 360, mashine ya mwaka 2005. Jibu hilo lilidhihirisha ramani iliyokuwa kichwani mwa watunga sera. Orodha ya nchi 21 ambazo Xbox One ingefanya kazi wakati wa uzinduzi haikuwa na hata nchi moja ya Afrika wala ya Asia kando ya Urusi, na haikuwa na Poland, ingawa gemu ya The Witcher 3, iliyoonyeshwa jukwaani kuipamba mashine hiyo, ilikuwa ikitengenezwa huko.

Sony haikuhitaji hoja ya kisheria. Usiku wa tarehe 10 Juni 2013, huko Los Angeles, Jack Tretton wa Sony alitangaza kwamba PlayStation 4 isingezuia gemu za mtumba wala kudai ukaguzi wa mtandaoni, na kampuni ikatangaza kwamba ingeuzwa dola 399 dhidi ya dola 499 za mpinzani wake. Siku tisa baadaye Microsoft ilifuta sera yake, pamoja na ule mpango wa maktaba ya familia, na tarehe 1 Julai ikatangazwa kwamba Mattrick amehamia kampuni ya Zynga.

Ushindi huo ulilinda diski, na diski ikaanza kutoweka. Mwaka 2019 Microsoft iliuza toleo la Xbox One lisilo na sehemu ya kuingizia diski. Mwaka 2020 Xbox Series S na toleo la kidijitali la PlayStation 5 vilifuata. Na PlayStation 5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, huuzwa bila kifaa hicho, anayekitaka akinunue kando. Gemu inayopakuliwa kwenye mashine hizi haiuziki, haitolewi zawadi baada ya kutumika wala hairithiki, hata kwa yale masharti ya marafiki wa siku 30 yaliyokejeliwa mwaka 2013. Uhai wake nao umo mikononi mwa muuzaji: kampuni ya Ubisoft ilipozima seva za gemu yake ya The Crew tarehe 31 Machi 2024, hata walionunua diski yake walibaki na plastiki. Baadhi ya kadi za gemu za konsoli ya Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, zina ufunguo tu, na gemu yenyewe hupakuliwa. Kadi huweza kuuzwa tena, ila itakuwa na thamani kwa muda ambao Nintendo itaendelea kuwasha seva.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa katika miji yake vijana wengi hucheza PlayStation katika vibanda vya kulipia kwa mechi, na mashine na diski za vibanda hivyo mara nyingi zimepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika hapo. Soko la namna hiyo haliwezi kuishi kwa leseni zilizofungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja, wala halina nguvu ya kuitikisa kampuni kama walivyofanya wanunuzi wa Marekani.

Sheria ya California iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mteja wazi kwamba anapewa leseni. Hiyo ni hatua ndogo mno, kwani inamjulisha mnunuzi hali yake bila kuibadilisha. Bunge linalotaka kumlinda mnunuzi halina budi kutamka kwamba leseni isiyo na ukomo, iliyolipiwa mara moja, ni mali inayohamishika, kisha limwamuru muuzaji aihamishe kwa yeyote ambaye mmiliki atamtaja, kwa kutumia seva zilezile anazozitumia sasa kuzuia uhamisho huo.