Namba Elekezi, au Kwa Nini Picha ya Flashi Hutoka Giza

Picha hiyo haikosekani kwenye albamu ya harusi. Maharusi wako jukwaani, mpigaji yuko huko meza za nyuma na kamera yake ndogo ya dijitali, flashi imewaka vizuri tu. Kilichotoka ni visogo vya wageni wa mbele, vyeupe pe, na nyuma yao giza totoro. Kamera ndiyo hulaumiwa kwanza. Kumbe imefanya kila ilichoweza.

Wapiga picha wa enzi za filamu, wale waliobandika flashi juu ya kamera kwa mkono, walikuwa na namba moja waliyoitembeza kichwani, na kwa Kiswahili naona inafaa kuitwa namba elekezi. Matumizi yake ni mepesi: igawanye kwa namba ya tundu la lenzi, na jibu litakuwa umbali, kwa mita, ambao flashi inaweza kumwangaza mtu sawasawa kamera ikiwa kwenye ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Chukua flashi ya kamera ndogo yenye namba elekezi 7, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa kamera za aina hiyo. Lenzi ikiwa pana na tundu likiwa f/2.8, 7 kugawanya kwa 2.8 ni mita 2.5. Basi. Meza ya pili tayari iko nje ya mpaka.

Ukivuta kwa zuumu mambo huharibika zaidi. Katika kamera nyingi za namna hii, lenzi ikivutwa tundu lake hupungua lenyewe, mara nyingi hadi f/5.6 (namba ikikua, tundu limepungua, ndivyo walivyoamua). Saba kwa 5.6 ni mita 1.25. Kwa hiyo anayevuta ili amwone bibi harusi kwa karibu ndiye hasa anayemnyima mwanga.

Chanzo ni jinsi mwanga unavyotawanyika: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Mtazame shabiki anayewasha flashi usiku katika Uwanja wa Benjamin Mkapa akimlenga mchezaji aliye mita 50. Hizo ni mara 20 ya mita 2.5, na mchezaji anapata sehemu 1 ya 400 ya mwanga unaohitajika. Zile cheche zinazometameta majukwaani ni pambo la mechi tu.

Sasa jina. Wapo wanaopenda kusema nguvu ya flashi, nami sikubaliani nao, kwa sababu namba hii si kipimo cha nguvu kwa maana ya fizikia; ni ya kupigia hesabu. Neno elekezi tumeshalizoea kwenye bei elekezi, ile inayotangazwa ili mnunuzi na muuzaji wajue pa kuanzia, na kazi yake hapa ni hiyohiyo. Namba ya mwongozo nayo si kosa, ila mwongozo humpeleka msomaji kwenye kitabu. Flashi nimeiacha kama ilivyo. Mmweko ni neno zuri, lakini nenda studio yoyote ukaliulizie uone utakavyotazamwa. Kweli, dukani flashi siku hizi ni kile kijiti cha kuhifadhia mafaili, lakini hakuna atakayekichomeka juu ya kamera.

Jambo moja la kuangalia: namba elekezi haina maana bila kipimo chake. Saba ya mita ni 23 ya futi, na mwenye kuuza ataichapisha ile inayovutia zaidi. Kamera ndogo nyingi hazitaji namba hiyo kabisa. Kitabu chake huandika masafa ya flashi, ya lenzi pana na ya lenzi iliyovutwa, na huo ni mstari wa kusomwa kabla ya sherehe.

Dawa ya kwanza, basi, ni miguu. Rudisha zuumu mwanzo, inuka, msogelee unayempiga. Kama itifaki ya ukumbi haikuruhusu, pandisha ISO. Kwenye ISO 400 namba elekezi huwa maradufu, yaani 14, na mita 2.5 zinakuwa 5. Kwenye ISO 800 unafika kama mita 7. Utalipia kwa chenga, maana kihisi cha kamera hizi ni kidogo, lakini sura yenye chenga bado ni sura. Kompyuta nayo husaidia kidogo: programu ya bure kama GIMP inaweza kunyanyua sehemu zenye giza bila kuunguza zile nyeupe. Palipo peusi tii, hata hivyo, hapana cha kunyanyua, kwa sababu hakuna kilichorekodiwa.

Kuna giza lisilotokana na umbali, nalo huwasumbua sana wapigaji wa huku kwetu. Kabla ya picha yenyewe, kamera nyingi hurusha mwako mdogo wa majaribio na kupima unaorudi. Shela na kanzu nyeupe hurudisha mwanga mwingi, kamera ikaona umetosha na kuibana flashi. Matokeo yake gauni limekuwa la kijivu na uso wa bibi harusi mweusi umefifia, ingawa yuko mita 2 tu. Hapa tafuta fidia ya flashi kwenye menyu, yenye alama ya radi na jumlisha na toa, uipandishe hadi +0.7 au +1. Na kama hata hiyo haikubadilisha kitu, angalia kidole chako hakijaziba kioo cha flashi, kisha angalia betri: kapasita inayoilisha flashi huchukua sekunde kadhaa kujaa, na betri ikichoka hukawia zaidi, kwa hiyo subiri taa ya flashi iache kupepesa ndipo ubonyeze.