Tovuti za medianuwai na injini za utafutaji

Tovuti ya medianuwai ni ile ambayo sehemu kubwa ya maudhui yake ni picha, sauti, video au uhuishaji. Tovuti za namna hii hupendeza machoni, lakini si rahisi kuzipata kwa kutafuta, kwani roboti zinazozunguka intaneti kukusanya kurasa kwa ajili ya Google au Bing hutegemea zaidi maandishi, viungo na anwani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Flash. Programu hiyo ilitoka mwaka 1996 kwa jina la FutureSplash Animator, ikachukuliwa na kampuni ya Macromedia, nayo Macromedia ikanunuliwa na Adobe mwaka 2005. Mbunifu aliweza kufungasha tovuti nzima, pamoja na menyu, muziki na kurasa zake zote, katika faili moja ya SWF. Mtu alibonyeza akaona kurasa kumi. Roboti iliona sanduku lililofungwa. Mara nyingi hata maneno yalikuwa yamegeuzwa michoro, hivyo hapakuwa na herufi ya kusoma. Mwaka 2008 Adobe iliwapa Google na Yahoo teknolojia ya kusoma yaliyomo ndani ya SWF. Habari hiyo ilishangiliwa kupita kiasi. Maandishi yalianza kusomeka, ndiyo, ila kurasa zile kumi bado zilikuwa na anwani moja, na aliyetafuta bei ya chumba cha hoteli aliishia kwenye utangulizi wenye muziki.

Wajenzi makini walianza na ukurasa wa kawaida wa HTML, kisha wakatumia hati ya SWFObject kuweka Flash juu yake pale kivinjari kilipoimudu. Sharti lilikuwa maudhui ya pande zote mbili yalingane: kuionyesha roboti maneno asiyoyaona msomaji ni udanganyifu, na Google huuadhibu. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020.

Tatizo lenyewe halikuzikwa nayo. Picha iitwayo IMG_2043.jpg haielezi chochote; lakini ikiitwa ngalawa-bagamoyo.jpg, na katika msimbo wake yakawekwa maandishi mbadala "Ngalawa mbili zimetia nanga Bagamoyo, maji yamekupwa", itapatikana kwa urahisi zaidi, na asiyeona atasomewa na simu yake. Video hufaa iwe na ukurasa wake, manukuu na nakala ya maneno yanayosemwa. Msamiati wa schema.org, ulioanzishwa na Google, Bing na Yahoo mwaka 2011, huitajia injini kichwa cha video, muda wake na siku ilipopandishwa.

Kosa linaloonekana zaidi siku hizi ni bango. Tarehe, ukumbi na kiingilio vyote huchorwa ndani ya picha moja, picha ikapandishwa, kazi ikahesabiwa imekwisha. Injini huweza kutambua baadhi ya maneno yaliyo ndani ya picha, lakini mwongozo wa Google unashauri maneno ya maana yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe.