Tanganyika na Mikataba ya Kazi, 1922–1962

Tanganyika haikuwa koloni kwa jina. Mwaka 1922 Uingereza ilikabidhiwa rasmi nchi hiyo kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na hati ya udhamini ilikataza kazi ya shuruti, isipokuwa kwa shughuli muhimu za umma, tena kwa malipo ya haki. Historia ya sheria za kazi za nchi hii kwa sehemu kubwa ni historia ya hilo neno “isipokuwa”. Kwa mlango huo watu waliendelea kuitwa na majumbe wao kubeba mizigo ya maafisa na kutengeneza barabara.

Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilisimamia kazi za mkataba. Mtumishi aliyetoroka kabla ya muda wake kwisha alihesabiwa mhalifu, na angeweza kufungwa. Walioonja ukali wa sheria hiyo ni manamba, yaani vibarua walioandikishwa mbali, Kigoma, Njombe au Songea, wakapelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko kila siku iliyokamilika ilitiwa alama kwenye kipande, na kipande kilijaa kwa siku 30 za kazi, si siku 30 za kalenda. Aliyeumwa au kushindwa kumaliza sehemu aliyopimiwa hakupata alama.

Mwaka 1926 serikali iliunda Idara ya Kazi, ikamweka Meja Granville Orde-Browne kuiongoza. Idara ilikagua kambi, posho na njia walizopita vibarua, jambo ambalo tawala nyingi za jirani hazikuwa nalo. Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, na mwaka 1931 idara ikafungwa ili kupunguza matumizi. Mwaka huohuo Uingereza iliridhia Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1930 dhidi ya kazi ya shuruti. Saini ilipatikana, wakaguzi wakaondoka.

Mkataba huo ulipiga marufuku kuwashurutisha watu kwa faida ya kampuni au watu binafsi. Pale kazi ya shuruti ilipovumiliwa kwa muda, iliruhusiwa kwa wanaume wazima wa miaka 18 hadi 45, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Lakini nao ulikuwa na isipokuwa zake: kazi ndogondogo za kijiji hazikuhesabiwa, wala kazi za dharura kama vita. Japani ilipoteka nchi za kusini-mashariki mwa Asia mwaka 1942, Washirika walipoteza mpira na katani ya huko, na mkonge wa Tanganyika ukawa bidhaa ya vita. Wanaume wakakusanywa kwa amri ya serikali na kupelekwa kwenye mashamba ambayo yalibaki mali ya watu binafsi. Kisheria mkataba haukuvunjwa. Kwa aliyechukuliwa kijijini, tofauti hiyo haikuwa na maana.

Upande wa vyama vya wafanyakazi, sheria ya kuviandikisha ilikuwapo tangu 1932, ila kwa miaka mingi haikuwa na kazi kubwa. Kilichoisukuma serikali ni migomo: wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 1947, ulioenea hadi maeneo ya reli, kisha wa 1950, uliozua ghasia na kufuatiwa na kuvunjwa kwa chama chao. Mwaka 1955 viliungana vyama vingine katika Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, huku Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake.

Sheria ya 1923, pamoja na viraka vyake, iliendelea hadi nafasi yake ilipochukuliwa na Sheria ya Ajira iliyotungwa mwaka 1955. Tangu 1939 Shirika la Kazi lilikuwa na Mkataba Na. 65, uliotaka adhabu za jinai kwa vibarua wanaovunja mikataba ya kazi ziondolewe, lakini kwa sababu ya vita ulianza kutumika kimataifa mwaka 1948. Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, Tanganyika iliingia katika Shirika hilo kama nchi mwanachama, ikajifunga yenyewe kwa mkataba wa 1930 ambao hadi hapo ilikuwa imefungwa nao na Uingereza.