Uhalisia pepe na hipnosi katika tiba ya saratani
Hizi ni njia mbili za kumtuliza mgonjwa; haziui saratani. Ya kwanza, uhalisia pepe, humvisha miwani inayomwonyesha, tuseme, ufuo wa bahari huku dripu ya tibakemikali ikiendelea kudondoka. Ya pili, hipnosi, humwongoza kwa sauti hadi fikra zitoke kwenye maumivu. Katika utafiti wa New York wa 2007 uliohusisha wanawake 200, dakika 15 za hipnosi kabla ya upasuaji wa titi zilipunguza maumivu, kichefuchefu na uchovu. Kwa mgonjwa wa Tunduma, mkoani Songwe, Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, iko umbali wa zaidi ya kilomita 900, safari ya basi, mfuko wa kutapikia mkononi. Hipnosi, isiyohitaji umeme kama miwani, ndiyo ingemfaa zaidi njiani.