Himaya, Ushirika na Ridhaa

Himaya ni neno lililotujia kutoka Kiarabu na maana ya ulinzi. Mnyonge aliyeingia katika himaya ya mwenye nguvu alikuwa amepata wa kumkinga. Lakini fungua kitabu cha historia leo utasoma Himaya ya Kirumi, Himaya ya Waingereza, na hapo neno hilohilo lina maana ya dola inayotawala wengine. Sisi wa Bondeni, Mombasa, majirani wa Mji wa Kale, hatuhitaji kamusi kulielewa. Kisiwa hiki kimeishi maana zote mbili.

Februari 1824, Mazrui waliokuwa wakitawala Mvita walitaka Waingereza wawakinge na Seyyid Said wa Oman. Bendera ya Uingereza walikuwa wameshaipandisha wenyewe kabla Kapteni William Owen hajatia nanga. Wakaandikiana: Mazrui wabaki na utawala wao, Uingereza iwarudishie milki zao za zamani, mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu, biashara ya watumwa ikomeshwe. Owen akamwacha luteni wake Reitz kuwa mwakilishi. Haikutimu miezi minne Reitz akafa kwa homa. Jina lake bado liko pale Port Reitz. London haikuukubali mpango wa Owen. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka, na mwaka 1837 Seyyid Said akaitwaa Ngome ya Yesu.

Himaya ya pili ilikuja mwaka 1895. Ukanda wa Mwambao wa maili kumi ukawa nchi ya himaya hadi 1963: bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ikipepea juu ya Ngome, amri zikitoka kwa Mwingereza, na chini ya bendera hiyo Ngome yenyewe imegeuzwa gereza. Ya kwanza ilituacha ilipohitajika. Ya pili haikutaka kuondoka.

Baada ya uhuru neno himaya likawekwa kando, yakaja maneno laini zaidi. Mwaka 1980, kufuatia mapinduzi ya Iran na majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, serikali ya Moi iliiruhusu Marekani kutumia bandari na viwanja vyetu vya ndege, Mombasa ikiwemo. Kwa lugha ya wakubwa hiyo ilikuwa ruhusa, haikuwa kambi. Mitaani tofauti hiyo haikumshughulisha mtu: manowari ikiingia Kilindini, mji mzima ulijua. Na manowari lenyewe ni neno la Mwingereza, lililoingia bandarini pamoja na meli zake. Huko Manda, karibu na Lamu, Wamarekani wako ndani ya kituo cha wanamaji wa Kenya. Al-Shabaab walipokishambulia tarehe 5 Januari 2020 na kuua Wamarekani 3, istilahi za mikataba hazikumkinga yeyote.

Simkatai rafiki. Waliozika watu wao baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 wanajua kwamba adui yupo, na kwamba mafunzo na vifaa vina kazi yake. Ila rafiki wa mkubwa hurithi maadui wa mkubwa. Bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998 lililenga ubalozi wa Marekani. Waliokufa wengi walikuwa Wakenya.

Neno la sasa ni ushirika. Mshirika ni mwenye fungu, na mwenye fungu hudai hesabu. Septemba 2023 Aden Duale na Lloyd Austin, mawaziri wa ulinzi wa Kenya na Marekani wakati huo, walitia saini makubaliano ya ulinzi ya miaka 5. Juni 2024 Kenya ikapewa cheo cha mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO. Cheo hicho hurahisisha upatikanaji wa silaha na mafunzo, lakini hakimfungi Mmarekani kutupigania. Rais wake aweza kukifuta kwa kulipa Bunge lake taarifa ya siku 30. Hapo ndipo Owen anaponijia akilini.

Kwa hiyo neno ninaloling'ang'ania ni ridhaa. Waziri hutia saini, Bunge huridhia. Ni neno lilelile anapoulizwa binti kabla ya ndoa kufungwa, na mzee yeyote wa Bondeni atakwambia kwamba kunyamaza kwa walii si ridhaa ya bi harusi. Kifungu cha 240 cha Katiba ya 2010 kinataka Bunge liidhinishe kuwekwa kwa majeshi ya kigeni nchini. Maana yake wabunge waulize: wangapi, wapi, kwa muda gani, na nani atamhukumu askari mgeni akimdhulumu raia? Nanyuki, penye kambi ya mafunzo ya Waingereza, swali hilo la mwisho wanalijua tangu Agnes Wanjiru alipouawa mwaka 2012, akishukiwa askari wa Uingereza.

Taifa halipotezi uhuru wake kwa kuwa na marafiki wenye nguvu. Huupoteza likitia saini asichokisoma mwananchi. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize ni mkataba upi wa ulinzi aliousoma hadi mwisho. Asipoweza kukujibu, usikubali auite ushirika.